Jibu: Kama hifadhi zipo, ushoroba wa nini?
Ndugu, umeuliza kwa nini tuhangaike na shoroba, yaani mapito ya asili yanayounganisha hifadhi na hifadhi, wakati wanyama tayari wana hifadhi zao. Shida ni kwamba mipaka ya hifadhi haihami, ila hali ya hewa inahama. Joto likipanda nyuzi 1, chura aliyezoea ubaridi fulani inabidi apande mlima kama mita 150 hivi ili aupate tena. Tembo ataondoka kwa miguu yake. Chura je? Miti ndiyo kabisa: inahama kwa mbegu, kizazi baada ya kizazi, mara nyingi tumboni mwa ndege au popo. Kwa hiyo ushoroba wa maana si njia ya kupita tu, wengine inabidi waishi na kuzaliana humohumo.

Tazama ushoroba wa tembo wa Mlima Kenya, kilomita 14 hivi, unaounganisha mlima na msitu wa Ngare Ndare ulio chini. Barabara kuu ya Nanyuki–Meru iliukata, ikabidi kijengwe kivuko chini ya lami, na tembo wanakitumia. Ukame ukibana huku chini, wana pa kupandia.

Ila usiutegemee kwa kila kitu. Viumbe wa kileleni hawana pa kupanda tena, na njia hiyohiyo inaweza kupitisha magonjwa na mimea vamizi. Halafu kama wakulima wa pembeni wanaliwa mazao bila fidia, watauziba ushoroba kwa uzio tu, hata ramani iseme nini.