Mwalimu, Ile Picha Nyekundu Ina Maana Gani?

Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu uchoraji na maonesho. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa sanaa, mkazi wa Dar es Salaam.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 14 na madaftari yake yote yamejaa michoro, hata la hesabu. Anataka nimpeleke kwenye maonesho ya picha. Mimi niliwahi kwenda mara moja tu, nilialikwa kazini. Watu wameshika glasi, Kiingereza kitupu, na picha kubwa kuliko zote ilikuwa nyekundu mwanzo mpaka mwisho, imebandikwa nyuzi za katani. Sikuelewa kitu. Niliona haya kuuliza, nikaondoka baada ya dakika kumi. Haya mambo ni ya watu kama sisi? Na mtoto akiniuliza maana ya picha, nimjibu nini?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza ulikwenda usiku mbaya. Ule ulikuwa usiku wa ufunguzi, na usiku wa ufunguzi watu huja kuonana wao kwa wao. Picha zipo ukutani lakini migongo ya watu imezikinga. Mimi mwenyewe, miaka yote hii, nikialikwa kwenye ufunguzi humpa mchoraji mkono, nikaondoka, halafu nikarudi katikati ya wiki asubuhi. Ukumbi unakuwa mtulivu, mlinzi yuko mlangoni, na picha unabaki nayo peke yako.

Sasa tuje kwenye ile nyekundu. Umeniandikia kwamba ilibandikwa nyuzi za katani. Hukusema kamba, hukusema uzi, umesema katani. Maana yake uliitazama, na uliitazama vizuri. Basi uliza moyoni: katani katika nchi hii imepita wapi? Mtu wa Tanga akiiona juu ya rangi nyekundu anaweza kukumbuka mashamba ya mkonge, na manamba waliosafirishwa kutoka mbali kwenda kukata majani yake chini ya jua. Mwingine atakumbuka kamba aliyofungia mbuzi wa bibi yake. Mwingine ataona tu jinsi nyuzi zinavyotupa vivuli vyembamba juu ya rangi taa ikiwaka pembeni. Mchoraji alikuwa na lake kichwani, na ukimkuta muulize. Lakini wewe hukutoka mikono mitupu usiku ule. Ulichokosa ni mtu wa kukuambia kwamba ulichokiona kinahesabika.

Mwaka 1987 niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu Nyumba ya Sanaa, ile ya Upanga, ambayo haipo tena na bado naililia. Ukutani kulikuwa na kazi za George Lilanga, Mmakonde aliyekuja mjini akaanza pale kama mlinzi, halafu akawa mchoraji na mchongaji anayejulikana ng'ambo. Viumbe vyake vina masikio makubwa, matumbo mbele, midomo wazi, vimepangwa vikabanana. Wanafunzi wakaangua kicheko. Kijana mmoja kutoka upande wa Masasi, ambaye darasani sikuwahi kusikia sauti yake, akasema taratibu, "Haya ni mashetani. Babu yangu anayachonga." Akaanza kueleza: huyu anafanya nini, yule kwa nini amepanda juu ya mwenzake, kwa nini shetani anaweza kuchekesha na bado ukamwogopa. Alizungumza dakika ishirini. Mimi mwenye diploma yangu nilikaa chini sakafuni nikamsikiliza. Tangu siku ile sijamuuliza mtoto "picha hii ina maana gani?" Humuuliza, "Unaona nini?" Nakuomba nawe umuulize binti yako hivyo, halafu nyamaza. Usimsaidie.

Pa kuanzia? Kama mngekuwa jirani zangu ningeanza na Nafasi, kituo cha wasanii kilichopo Mikocheni B. Toka Tabata kwa daladala mpaka Mwenge, hapo chukueni bajaji. Nafasi ilianzishwa mwaka 2008, na vyumba vya kazi vya wasanii vingi ni makontena yale ya bandarini. Mtoto atamwona mchoraji akiwa kazini, mikono imechafuka, turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, iko nusu. Huko ndiko anakohitaji kufika mtoto anayechora, kwa sababu atagundua kuwa picha hufutwa, huharibika, hurudiwa. Akitaka kuuliza, aulize mambo ya ufundi: hii rangi umechanganya na nini, ulianza na usuli, yaani sehemu ya nyuma ya picha, au na mtu? Wachoraji wanapenda kuulizwa hivyo. Ukiwauliza maana wanachoka.

Siku nyingine shukeni Posta mtembee mpaka Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na chuo cha IFM. Wengi wanapajua kwa mafuvu ya kale na magari ya viongozi, lakini pana kumbi za maonesho ya picha pia. Chagueni picha tatu tu, na kila moja ipeni dakika tano kamili, mkitazama saa. Dakika tano mbele ya picha ni ndefu, utaona: ya pili unachoka, ya nne unaanza kuona mambo ambayo hayakuwepo. Achukue daftari na penseli. Kalamu ya wino iacheni nyumbani, walinzi hawaipendi karibu na picha, na wana haki.

Mpe pia majina mawili aende nayo shule. Sam Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha ile ya mwaka 1956 ipo katika Museum of Modern Art, makumbusho ya sanaa ya kisasa, New York. Mbege, mama! Mbege ya Uchagani iko New York. Ntiro huyohuyo baada ya uhuru alikuwa balozi wetu London. Na Everlyn Nicodemus, binti wa Marangu, ambaye picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982 ilinunuliwa na National Portrait Gallery, makumbusho ya picha za watu ya London, miaka arobaini baadaye, ikiwa ya kwanza ya mwanamke mweusi aliyejichora kuingia katika hazina yao. Mtoto wa kike anayechora kwenye daftari la hesabu anastahili kulijua jina hilo mapema.

Kuhusu "watu kama sisi": najua unachosema. Zamani msimamizi wa galari moja (ukumbi wa kuonesha na kuuza picha), sitaitaja, alimwambia mwanafunzi wangu aliyevaa kandambili, "Hapa hatuuzi kalenda." Yule kijana hakurudi tena kwenye maonesho yoyote ninayoyajua. Limeniuma mpaka leo. Wanaosimamia milango wasome hapa: mtu anayeingia na kandambili kutazama picha amekuja kwa ajili ya picha, mpisheni. Nawe mama, nenda na kanga yako.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafunga umeme kwenye kumbi. Juzi kwenye maonesho niliona kitone chekundu pembeni ya picha kadhaa, na bei nyingine zilinishtua. Vile vitone ni nini, na kwa nini bei iko vile?
Fundi, Mbagala

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kitone chekundu kinasema picha imeshauzwa, ila inabaki ukutani mpaka maonesho yaishe. Bei ile usidhani yote inaingia mfukoni mwa mchoraji. Galari huchukua sehemu yake, na inaweza kufika nusu. Ondoa rangi, turubai na fremu, ondoa kodi ya chumba, ondoa miezi ambayo hakuuza kitu. Wewe unajua kazi ya mikono inavyohesabiwa, na mteja anavyoona waya tu. Halafu niambie: taa za picha mlizielekeza vipi? Taa ikipiga moja kwa moja kwenye rangi ya kung'aa, mtazamaji anaona balbu. Ifunge juu, iinamishe. Ukilifanya hilo vizuri umewafaa wachoraji kuliko wengi wenye glasi.

SWALI: Salaam Mwalimu. Marehemu baba aliniachia picha ya chui, imeandikwa E. S. Tingatinga. Jirani anasema ni mali ya mamilioni. Nitajuaje kama ni ya kweli? Kwa sasa iko ukutani jikoni.
Ndugu wa Kigamboni

JIBU: Kwanza iondoe jikoni leo hii, ndugu yangu. Moshi na mvuke wa sufuria ni adui, na chumvi ya bahari huko kwenu nayo haijambo.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 na alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu. Kwa hiyo kazi zake ni chache, na picha bandia zenye jina lake ni nyingi. Saini peke yake haithibitishi chochote, maana saini ni kitu rahisi kuiga kuliko chui. Alichorea ubao mwembamba wa hadibodi, mara nyingi wa mraba wa futi mbili hivi, kwa rangi ya kung'aa kama ile ya baiskeli, na mara nyingi mnyama mmoja juu ya usuli mtulivu. Ikiwa yako ni ya turubai na ina wanyama kumi, twiga wamepishana shingo, hiyo ni kazi ya waliomfuata, nao wana ushirika wao Oysterbay hadi leo. Nenda nayo pale, waombe wazee waitazame. Usiisugue kwa sabuni, wala usimpe fundi aipake vanishi ing'ae.

Geuza ubao utazame nyuma: mihuri, bei ya penseli, jina la duka, alama ya msumari wa zamani. Usifute hata kimoja. Halafu kaa na shangazi zako wakiwa bado wapo, uwaulize baba aliinunua wapi, mwaka gani, alikuwa akifanya kazi wapi, uandike kwenye karatasi ya pembeni. Ukishapata, niandikie tena.