Barua kwa mwanangu: Simba na sukari yangu

Mwanangu,

Swali lako halijanitoka tangu tulipozungumza kwenye simu. Uliniuliza: "Mama, hicho kisukari chenyewe hakikuchoshi, mpaka ulee na mbwa juu yake?" Nilikwepa, nikakuuliza habari za kazi. Leo nakujibu, maana najua uliuliza kwa mapenzi.

Ni kweli, mbwa wangu Simba ni kazi. Kabla sijajichoma insulini ya asubuhi lazima nimtoe nje. Ana chanjo zake, kucha za kukatwa, manyoya ya kuchanwa, na mazoezi yasiyo na likizo: nisipomzawadia kila anaponitahadharisha vizuri kwamba sukari inashuka, baada ya wiki chache anaanza kulegea. Kuna siku sukari imenisumbua usiku kucha, naamka mwili hauna nguvu hata ya kukaa, naye kasimama mlangoni, mkanda mdomoni. Hutoka naye hivyo hivyo, pole pole.

Lakini wewe unakumbuka nilivyokuwa kabla yake. Nina miaka zaidi ya 30 na kisukari aina ya kwanza. Zamani sukari ikishuka, mwili ulikuwa unanipigia kelele: mikono inatetemeka, kijasho chembamba kinanitoka, moyo unanienda mbio. Hiyo ni adrenalini, ndiyo kengele ya mwili. Ukishashuka mara nyingi mno, kengele hiyo hufifia. Sukari ikifika chini ya 70 (miligramu kwa desilita ya damu) siku hizi sisikii chochote; naendelea na shughuli zangu mpaka maneno yaanze kunipotea.

Simba hunusa kile nisichokisikia. Sukari ikishuka, harufu ya pumzi na jasho hubadilika. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waliwapima wanawake wanane wenye ugonjwa kama wangu, wakaona kemikali iitwayo isoprini inaongezeka kwenye pumzi zao sukari inaposhuka; huenda ndiyo harufu wanayoifuata mbwa. Ndiyo maana wakati wa mafunzo yake nilikuwa najifuta jasho kwa pamba kila niliposhuka, nazihifadhi kwenye friza, kisha nampelekea mkufunzi. Harufu hiyo ndiyo aliyofundishwa kuitafuta. Akiipata, hunigusa goti kwa pua. Nikipuuza, huniwekea mguu mapajani. Usiku hupanda kitandani na kunisukuma mpaka nikae.

Nisikufiche: hukosea. Mara nyingine ananiamsha sukari ikiwa sawa, mara nyingine amelala fofofo nami nashuka. Utafiti nao unaonyesha mbwa hawa wanatofautiana sana kwa usahihi. Kwa hiyo sinywi sukari kwa neno lake tu. Natoboa kidole, napima. Ikiwa imeshuka nakula gramu 15 za glukosi, nasubiri dakika 15, napima tena. Na hicho kihisi cha kupima sukari ulichosisitiza nibandike mkononi sikivui. Ningelazimishwa kuchagua kimoja tu, ningechagua kihisi. Ila kihisi husoma majimaji ya chini ya ngozi, si damu yenyewe, kwa hiyo sukari ikiporomoka haraka huchelewa kwa dakika kadhaa. Tena mlio wake nimewahi kuuzima usingizini, asubuhi sikumbuki. Simba hazimiki.

Watu ndio hunichosha kuliko yeye. Kisukari hakionekani usoni, lakini mbwa mwenye koti la kazi anaonekana. Wanaita, wanampapasa, wananiuliza mbona naona vizuri. Akishikwa-shikwa anaacha kunisikiliza mimi, na anayelipia ni mimi.

Jambo jingine sijawahi kukueleza. Insulini ninayoishi kwayo ilipatikana Toronto mwaka 1921, watafiti Banting na Best walipokuwa wakifanya majaribio kwa mbwa waliowatoa kongosho. Wale mbwa hawakuwa na mtu wa kurudi kwake jioni. Huwa nawakumbuka ninapomkata Simba kucha, na kazi ile hainielemei tena.

Sasa nifike kwenye jibu lenyewe. Ulikuwa na miaka tisa nilipotandika kitanda chako nikakuta saa ya kengele chini ya mto, umeitega saa nane usiku. Nikaelewa ni nani aliyekuwa akinigusa shingo gizani kuona kama nina jasho. Nilikaa kwenye kile kitanda nikalia, kisha nikairudisha saa pale pale, kwa sababu nilikuhitaji. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kwa miaka mitano mtoto wangu alikwenda shule na usingizi nusu, nami nilijua.

Simba alipokuja ulikuwa na miaka 14. Wiki za mwanzo bado uliamka. Nilifumbua macho nikawakuta wawili mmenisimamia. Baadaye akawa anakuja peke yake. Usiku mmoja aliniamsha, nikapima, nikala glukosi yangu, na nilipokuwa nasubiri zile dakika 15 nikakusikia chumbani kwako unakoroma. Mwanangu, sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Kwa hiyo hakunipunguzia kazi. Alipokea zamu yako.

Umesema pia kwamba akistaafu utahamia kwangu. Ametimiza miaka 10, mvi zimemjaa mdomoni, na mkufunzi anasema mwaka huu tumvue koti. Njoo unitembelee kadiri upendavyo, ila usije kulinda usingizi wangu. Nimeshaandikisha jina la kusubiri mbwa mwingine, na mpaka apatikane, mlio wa kihisi nimeuweka juu kabisa, na kifaa kinacholia nakiweka mbali, nisikifikie kwa mkono. Simba atabaki humu humu ndani, alale atakavyo.

Ile saa yako bado ninayo kwenye droo. Betri niliitoa siku uliyokoroma.

Mama yako