JavaScript inakagua fomu, sasa huyu kapitaje?

SWALI: Habari mtaalamu, nimeunda huduma ya wavuti ya kupokea oda, fomu ya kuingia inakaguliwa fresh na JavaScript, baruapepe ikikosewa inakataa, paswedi fupi inakataa. Juzi mtu kaingia kwenye akaunti ya admin bila paswedi, nimecheki logi nakuta sehemu ya jina kaandika admin' -- basi. Kapitaje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na pole sana. Huyo ukaguzi wa fomu yako haukumzuia kabisa. JavaScript inakimbia kwenye mashine yake yeye, anaizima akitaka, au anatuma ombi moja kwa moja kwa curl, programu ya kutuma maombi bila brauza, na seva yako inapokea tu. Ukaguzi wa kwenye brauza unamsaidia mtu mwema aliyekosea herufi, ulinzi unafanyika kwenye seva.

Sasa hizo herufi. Inaonekana umeunga SQL, yaani amri ya kuiuliza databesi, kwa kubandika jina alilotuma mtu katikati ya alama za nukuu, ile ' yake ikafunga nukuu uliyofungua wewe, halafu vistari viwili vikaiambia databesi kinachofuata ni maelezo tu, kiruke, na kinachofuata ndo kile kipande cha kulinganisha paswedi! Ikamtafuta admin peke yake, ikampata, ikafungua mlango. Tafadhali usikimbilie kufuta alama hiyo kwenye majina, Kiswahili chenyewe kina ng' na mwenye jina lake halali utamfungia nje bure. Weka alama ya kushika nafasi, mfano ?, SQL iende kivyake na data kivyake, hapo data haigeuki amri hata aandike nini.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kama unalinganisha paswedi ndani ya SQL basi huenda umezihifadhi wazi. Kampuni ya RockYou mwaka 2009 ilivamiwa kwa mlango huuhuu, paswedi zaidi ya milioni 32 zikatoka zikiwa wazi, na orodha ile wavamizi wanabahatishia mpaka leo. Tumia bcrypt au Argon2, njia zilizokwishatengenezwa za kuhifadhi paswedi bila kuziacha wazi, wala usitunge njia yako.

Pia mtumiaji yeyote akishaingia, kila oda anayoomba seva ihakikishe ni yake, si abadilishe namba kwenye anwani aone za wenzake.

Ila leo hii kabla ya yote funga sesheni zote zilizo wazi na ubadili paswedi ya admin, maana huyo jamaa anaweza kuwa bado yumo ndani.