Kila mtu presha 120/80? Hebu fungua faili

Nimekaa kwa meza ya rekodi miaka kadhaa huku Kisumu, na kama unaanza kupima ubora wa matibabu kwa kutumia rekodi za kompyuta, kabla hujapeleka asilimia kwa mkutano angalia hizo namba ziliingiaje.

Kliniki moja niliyofanya kazi, ripoti ya presha ilikuwa tamu. Mgonjwa akisoma chini ya 140/90 ziara yake ya mwisho tunamhesabu amedhibitiwa. Siku moja nikapanga ile orodha juu kwenda chini, nikaona 120/80, 120/80, 120/80, ukurasa mzima, mzee wa miaka 70 na msichana wa 20 presha sare kama yunifomu. Nikaenda kwa sista nikamuuliza polepole. Akacheka: "Mashine iliisha betri wiki ile ingine, na hii sistimu yenu ukiacha hapo wazi inakataa kusevu, na foleni imefika geti, ungefanya nini?" Nikakosa jibu, maana ni sisi tulilazimisha hapo pajazwe bila kuweka "haikupimwa". Tukaongeza, betri zikanunuliwa, asilimia ikaanguka na mkubwa akanuna wiki nzima.

Ndio maana vairo lodi, kile kipimo cha wingi wa virusi vya HIV kwa damu, naiamini zaidi, inatoka maabara. Na hizi kompyuta si ngeni huku, kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi walianza 2001, na KenyaEMR yenyewe, ile sistimu ya rekodi za wagonjwa, imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za matibabu, lakini hakuna sistimu inajua kama mkanda ulifungwa mkononi.

Alafu ile namba ya chini ya asilimia, si ya presha, unagawanya kwa nani? Ukihesabu waliokuja mwezi huu pekee utaonekana malaika, kwa sababu anayerudi kliniki mara nyingi ndiye anameza dawa. Aliyeenda Siaya kupanda mahindi akapotelea huko naye mhesabu. Chunga pia faili mbili za mtu mmoja: mama akipoteza kadi anafunguliwa mpya, ile ya zamani inasema ametoroka na yuko hapo kwa benchi anangoja.

Muda wa kungoja usiguse kama data inaingizwa jioni kutoka kwa karatasi, stima ikipotea asubuhi kituo kizima kitaonekana kilionwa saa kumi na moja jioni.

Mimi kila mwezi nachomoa faili 10 bila kuchagua nalinganisha na kompyuta, kazi ya chai moja tu. Mwezi uliopita mbili zilikataa kulingana, nikampelekea sista. Betri za akiba siku hizi nazifungia kwa droo yangu.