Maswali ya Wasomaji: Kiamshakinywa Kisicho na Maziwa wala Mayai

Barua tulizopokea mwezi huu kuhusu mlo wa asubuhi unaotokana na mimea pekee zimetoka Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na Njoro. Tumezifupisha, lakini maana ya kila mwandishi tumeiacha kama ilivyokuwa.

SWALI: Mimi na mume wangu tuliacha nyama, maziwa na mayai wakati wa Kwaresima, na baada ya Pasaka tukaona tuendelee. Chakula cha mchana na cha jioni hakitusumbui. Taabu ni asubuhi: mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili, mume wangu hapendi chochote kisicho na utamu, nami bila ladha ya chumvi sioni kwamba nimekula. Tumeishia kwenye mkate na chai ya rangi kila siku, na ifikapo saa nne njaa imekwisha kunikamata. Tufanye nini?
*Mke wa Mpenda Sukari, Lanet, Nakuru*

JIBU: Dada, shida uliyoieleza haitokani na uhaba wa vyakula, kwa maana aliye Nakuru amezungukwa na viazi, mahindi, maharagwe na mboga za kila namna, bali inatokana na saa. Tumezoea kuyategemea mayai na maziwa asubuhi kwa sababu huwa tayari kwa dakika chache, ilhali nafaka na jamii ya kunde hazina haraka hiyo, na mtu anayeanza kuzipika saa kumi na moja alfajiri hana budi kurudi kwenye mkate. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni kwamba kiamshakinywa cha namna hii kipikwe jioni, wakati jiko lingali linawaka kwa ajili ya chakula cha usiku, ili asubuhi ibaki kazi ya kupasha moto tu.

Njaa ya saa nne nayo haina ajabu. Mkate mweupe na chai ya rangi vina wanga mwingi, protini kidogo, na mafuta karibu hamna kabisa, kwa hiyo tumbo huvimaliza upesi. Weka karanga, ndengu, maharagwe au parachichi kando ya huo mkate na utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa chumvi na utamu, ambao wala hauhitaji sufuria mbili. Chemsheni viazi vitamu jioni pamoja na maganda yake, maana vikimenywa kabla ya kuchemshwa hunywa maji na kupoteza utamu. Mkivipata vile vya rangi ya chungwa ndani, vichagueni hivyo, kwa kuwa vina vitamini A kwa wingi, na mwili huipokea vizuri zaidi inapoliwa pamoja na mafuta kidogo. Mafuta hayo yatatoka kwenye karanga. Zikaange kavu, zisugue maganda yatoke, kisha zitwange au uzisage mpaka zianze kutoa mafuta na kuwa rojo. Gawa rojo hilo katika bakuli mbili. Katika ya mume wako koroga sukari nguru iliyokunwa na iliki kidogo. Katika yako tia chumvi, pilipili ya kusaga na maji ya ndimu. Asubuhi kila mtu atachovya kiazi chake katika bakuli lake, na hakuna atakayelazimika kumhubiria mwenzake.

Siku nyingine pikeni uji wa wimbi uliochachuka. Changanya kikombe kimoja cha unga na kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu, funika kwa kitambaa safi na uache mahali penye joto. Kisumu mchanganyiko huo huchacha kwa usiku mmoja tu, lakini Nakuru, ambako usiku ni wa baridi, mara nyingi huhitaji siku mbili, isipokuwa kama utatia kijiko cha mchanganyiko wa awali ili kuuharakisha. Utaujua kwa vipovu vidogo vilivyojitokeza juu na kwa harufu ya ukali usioudhi. Ukiona ukungu, au ukinusa uvundo, mwaga wote. Chemsha vikombe vinne vya maji, mimina mchanganyiko wako taratibu huku mwiko ukizunguka bila kupumzika, na usiuache mwiko mpaka uji uanze kurusha mapovu mazito, kisha punguza moto na uuache uive kwa dakika 15 hivi. Ukipikwa usiku na kutiwa ndani ya chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, utaukuta ungali moto alfajiri. Mumeo na apondeponde ndizi mbivu ndani ya kikombe chake badala ya kumwaga sukari, nawe utie ndimu au maji ya ukwaju na chembe ya chumvi.

Wanaohofia kwamba kuacha maziwa ni kuacha kalisiamu wasiudharau uji huu. Gramu 100 za wimbi mkavu zina takribani miligramu 340 za kalisiamu, ilhali kiasi hicho hicho cha maziwa ya ng'ombe kina takribani miligramu 120. Ni kweli kwamba bakuli moja la uji halina gramu 100 za unga, na kwamba mwili haupokei yote yaliyomo katika nafaka, kwa sababu zipo kemikali za asili zinazoyashikilia madini. Lakini kuchachua unga hupunguza kemikali hizo, jambo ambalo ni sababu nzuri ya kuvumilia ule ukali.

SWALI: Ninaishi peke yangu Kondele, nina jiko la gesi la mtungi mdogo, na sina friji. Nataka chakula cha asubuhi chenye chumvi na kisichoelea mafuta. Nyoyo niliyoizoea nyumbani huharibika nikiilaza, na gesi huisha nikiichemsha tangu mwanzo. Je, kuna njia?
*Msomaji wa Kondele, Kisumu*

JIBU: Ipo, bwana, na nafurahi kwamba hukuikimbia nyoyo, kwa sababu mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja hukamilishana kwa protini, kila kimoja kikitoa kile ambacho kingine kimepungukiwa. Loweka vyote viwili tangu asubuhi kabla hujaenda kazini, na jioni mwaga maji hayo na uweke mengine. Mahindi yatangulie kupikwa kwa kuwa ndiyo magumu, maharagwe yafuate, na chumvi itiwe mwishoni. Maharagwe, hasa mekundu, yachemke kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 hata kama umeamua kuyamalizia kwa moto mdogo, kwa maana yakiwa nusu mabichi yana sumu inayoleta kutapika na kuhara.

Kuhusu kulaza: joto la Kisumu halisamehi. Pika kiasi cha mlo wa jioni na wa asubuhi inayofuata tu. Chemsha tena kabla ya kulala, funika vizuri, usichovye kijiko ulichokilia, na asubuhi uchemshe mpaka itokote kabla ya kuikaanga na kitunguu, nyanya na dania kwa kijiko kimoja cha mafuta. Ikiwa ina utelezi au inatoa povu kabla haijaona moto, imekwisha.

Hata hivyo, kwa mtungi mdogo kama wako ningependelea ndengu siku za kazi. Zikilowekwa usiku huiva kwa karibu nusu saa, na zikipondwa na kitunguu, tangawizi na ndimu, hupakwa juu ya chapati au mkate kama siagi. Njia ya haraka kuliko zote ni unga wa dengu, ule wa bajia, ambao hupatikana katika maduka mengi ya vyakula mjini. Koroga kikombe kimoja cha unga huo na maji yanayokaribia kikombe kimoja, tia chumvi, manjano, pilipili, kitunguu na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kabisa, na uache utulie kwa dakika 10. Pakaza mafuta kidogo kwenye kikaango kilichopata moto na umimine upawa mmoja, ukiutandaza kwa mgongo wa upawa wenyewe. Usiuguse mpaka uone sehemu ya juu imekauka na kingo zinaanza kujiinua zenyewe. Hapo ndipo ugeuze. Wengi hugeuza mapema, ikakatika vipande, wakalaumu unga. Chapati hii ya dengu inafanana na kimanda kwa sura na kwa shibe, na mtu anayetamani mayai huridhika nayo zaidi kuliko chochote kingine ninachokijua.

SWALI: Binti yangu amesema mwanawe wa miaka minne atalelewa kwa vyakula vya mimea tu. Mimi nampikia uji wa unga wa mchanganyiko wa vitu tisa ninaosagiwa posho mill: mahindi, wimbi, mtama, muhogo, soya, karanga, simsim, maharagwe na mbegu za maboga. Je, unamtosha?
*Nyanya mwenye wasiwasi, Kakamega*

JIBU: Nyanya, shikamoo. Niseme wazi kwamba siupendi mchanganyiko wa vitu tisa, ingawa najua unasifiwa kote. Karanga na simsim zina mafuta, na zikisagwa pamoja na nafaka na kuwekwa kwa majuma kadhaa, unga huchacha mafuta na kuwa mchungu. Maharagwe mabichi yaliyosagwa yanahitaji moto mrefu kuliko wimbi, na soya inafaa ikaangwe kabla ya kusagwa. Matokeo yake ni uji ambao sehemu yake haijaiva na nyingine imezidi, na mtoto akiumwa na tumbo hamjui kilichomwumiza ni kipi. Chukua wimbi na mtama, au wimbi na mahindi, upike uji wako vizuri, kisha utie rojo la karanga lililotoka kinuni wakati huo huo, ukililegeza kwanza kwa uji wa moto kwenye bakuli ili lisifanye mabonge. Muhogo unaongeza wanga tu, nao umo tele katika nafaka.

Chambua karanga hizo kwa mkono wako mwenyewe kabla ya kuzikaanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, na usimpe hata kuku, kwa sababu ukungu huo huweza kuacha sumu ya aflatoksini ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Ni sumu hiyo hiyo, ikiwa ndani ya mahindi, iliyoua watu 125 huko mashariki mwa Kenya mwaka 2004.

Sasa niseme na binti yako kupitia kwako. Vitamini B12 haipatikani kwa kutegemewa katika mmea wowote, si katika wimbi wala soya wala mboga za kienyeji, na mtoto anayeikosa kwa muda mrefu huweza kupungukiwa na damu na kudhurika mishipa ya fahamu. Asiyempa mtoto maziwa, mayai wala samaki hana budi kumpa vitamini hiyo kwa njia ya dawa au ya chakula kilichoongezewa, na kiasi chake kipangwe na mhudumu wa afya katika kliniki anakopimwa uzito. Jambo hili si la kubahatisha, na sitaki uamini kwamba uji wowote, hata uwe na vitu ishirini, utaliziba pengo hilo. Kwa upande wa madini ya chuma, kipande cha chungwa au cha papai pamoja na uji husaidia mwili kuyapokea, na chai huyazuia. Kwa hiyo mjukuu asipewe chai pamoja na mlo huo, na ninyi wakubwa mwaweza kusubiri saa moja hivi baada ya kula.

SWALI: Kila ninapokula nduma asubuhi koo huniwasha. Je, nina mzio?
*Mwalimu, Bungoma*

JIBU: Huenda hazikuiva, mwalimu. Nduma mbichi ina fuwele ndogo kama sindano zinazochoma ulimi, koo na hata mikono ya anayemenya, na ndiyo maana wengi hupaka mafuta mikononi kwanza. Zimenye, zikate vipande, zichemshe mpaka uma uzame bila kusukumwa, na umwage maji yake. Kisha zile na parachichi lililopondwa kwa chumvi na ndimu. Zikiwa zimeiva kabisa na koo bado linawasha, au midomo ikivimba, ziache na umwone daktari.

SWALI: Ninauza mandazi asubuhi, na wapo wateja wanaotaka yasiyo na maziwa wala mayai. Nilipojaribu kwa maji matupu yalitoka magumu.
*Mwuzaji wa Njoro*

JIBU: Maji hayana kosa, ndugu, ugumu huo huletwa na unga mkavu au na haraka. Kwa vikombe vinne vya unga wa ngano tumia vijiko viwili vidogo vya hamira, nusu kikombe cha sukari, iliki, chembe ya chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta na kikombe kimoja na robo cha maji ya uvuguvugu. Kama nazi ni ghali kwenu, saga karanga mbichi na maji na uchuje, utapata tui linalolainisha na kuleta harufu nzuri, ila wateja waambiwe kuna karanga, kwa sababu wapo ambao huwadhuru. Kanda kwa dakika 10 mpaka donge liache kunata mkononi, bila kuongeza unga kila unaponata. Njoro ni baridi, kwa hiyo liweke donge karibu na jiko na usiangalie saa: ngoja liumuke mara mbili ya lilivyokuwa. Ukishakata, yaache mandazi yapumzike kwa dakika 15 nyingine kabla ya kukaangwa. Jaribu mafuta kwa kipande kidogo cha donge; kikizama na kukaa chini, mafuta hayajapata moto, na mandazi yatayanywa.

Na mafuta hayo yasiwe yale uliyokaangia samaki jana yake. Mteja aliyeacha samaki ataijua harufu yake kabla hajauma, na hatarudi.