Unafanya kazi na familia? Hivi ndio vitu ninavyovitegemea mimi

Wenzangu maafisa ustawi, wasaidizi wa kisheria, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wote mnaokaa na familia za watu kila siku, leo nataka tuongee kitu kinachonigusa sana, nacho ni hiki: unapomwambia mtu afanye nini na ndoa yake au mtoto wake, hayo maneno unayatoa wapi? Maana wengi wetu tukikosa pa kuchukua tunachukua nyumbani kwetu, jinsi tulivyolelewa, jinsi mama alivyovumilia, halafu tunampa mteja kama vile ndio utaalamu. Mtu kapanda daladala mbili na mtoto mgongoni kuja ofisini kwako, anastahili kitu kilichopimwa.

Mimi naanza na sheria. Kwenye simu yangu Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ndoa ya 1971 zipo muda wote, na ninayo tabia ya kumfungulia mteja kifungu tukasoma wote. Zinapatikana bure TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania, pamoja na hukumu za mahakama, hulipii chochote zaidi ya bando. Kwa mfano mama anakuja anasema nataka talaka, kesho naenda mahakamani. Kabla hajapoteza nauli lazima ajue kwamba kwa kawaida mahakama itamuuliza kama wamepita baraza la usuluhishi, na baraza likishindwa kuwapatanisha ndio linatoa ile fomu namba 3, yaani cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Au baba anang'ang'ania mtoto wa miaka 4. Sheria ya Ndoa inaanza na dhana kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa hiyo usimwambie baba hana haki kabisa na usimwambie mama ameshashinda.

Na ile kauli ya "wewe ulikuwa unakaa tu nyumbani, nyumba umejenga na nini?" naisikia kila wiki jamani. Someni kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Mahakama ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Rufaa yake mwenyewe haikufanikiwa, lakini msingi aliouacha unatumika mpaka leo, na nimeona wanawake wanakaa wima kwenye kiti wakisikia hivyo.

Sasa tafiti. Najua ukisikia tafiti unawaza kiingereza kirefu na majedwali, ila naomba mnivumilie maana hapa ndipo nimejifunza zaidi. Nchi yetu ilifanya utafiti wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, matokeo yakatoka 2011, UNICEF, CDC (taasisi ya afya ya Marekani) na chuo cha Muhimbili walihusika. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Ni wa zamani ndio, lakini ukienda kwenye kikao cha kata kuongelea ulinzi wa mtoto na mtu akasema "hayo mambo huku kwetu hayapo" unakuwa na kitu cha kuweka mezani, na ile ya wavulana huwa inanyamazisha ukumbi mzima.

Kwenye malezi ya vijana mimi nategemea programu ya malezi ya Parenting for Lifelong Health, miongozo yao ni ya bure na hapa Tanzania ikaja kwa jina la Furaha Teens, vipindi 14, na kwenye vingi mlezi na kijana wake wanakaa pamoja. Ilipimwa kwanza Afrika Kusini, Eastern Cape, familia 552, matokeo yakachapishwa 2018. Walezi walisema wamepunguza kupiga na kutukana, na wao wenyewe msongo wao ukapungua. Ila someni mpaka ndani, maana vijana walipoulizwa kuhusu huo ukatili, majibu yao hayakuonyesha tofauti iliyo wazi kama ya walezi. Toka nisome hapo, nikifanya ufuatiliaji simuulizi mzazi peke yake, na mtoto namuuliza akiwa peke yake. Kama makala mnayoitaka imefungwa kwa malipo, angalieni PubMed Central, maktaba ya bure ya mtandaoni ya makala za afya, au muulize chuo au hospitali iliyo karibu kama imejisajili Research4Life, taasisi za nchi kama yetu zinapata majarida mengi kupitia hapo.

Halafu kuna watu. Namba ya mtoto 116 ni ya bure, iandikwe ukutani. Lakini kubwa zaidi ni kujuana na watu kabla kesi haijaja, yaani nenda dawati la jinsia na watoto pale polisi siku ambayo huna kesi, salimia, jua nani yuko zamu usiku. Nenda hospitali uulize kituo cha mkono kwa mkono, kile kinachompa aliyefanyiwa ukatili huduma zote mahali pamoja, kiko wapi na kama hakipo nani anapokea. Aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya masaa 72, na mapema ndio bora, sasa masaa hayo ukiyatumia kuuliza "PF3, ile fomu ya polisi, inapatikana wapi" umemuumiza mara ya pili.

Na wewe je? Hili halisemwi makazini kwetu. Unasikiliza kesi ya mtoto aliyechomwa mikono saa nne asubuhi, saa sita matunzo, saa nane wanandoa wanatukanana mbele yako, jioni unaenda kupika. Sisi wachache wa wilaya jirani tuna utaratibu wa kukutana, kila mmoja analeta kesi moja inayomkaba, tunaijadili, tunamuuliza maswali, hatumhukumu. Hatutaji jina, kata wala shule ya mtu, na kesi haziandikwi kwenye grupu la WhatsApp kabisa, grupu ni la kupanga siku tu. Kama mkuu wako wa idara anaweza kukaa na wewe hivyo mshukuru Mungu, kama hawezi tafuta wenzako wawili tu inatosha kuanza. Usisubiri semina.

Kwa anayeripoti kituo kipya mwezi huu ningemwambia aanze na dawati na hospitali wiki ya kwanza, sheria mbili azipakue akiwa bado na bando, na hizo tafiti azisome taratibu jioni moja moja, hata ukurasa wa matokeo tu kwanza.