Protini za Dengue na Chikungunya Zina Undugu Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha Biolojia kidato cha sita mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu walilinganisha kwa kompyuta mfuatano wa protini ya nje ya virusi vya dengue na ule wa chikungunya, wakitarajia mfanano kwa kuwa vyote huenezwa na mbu aina ya Aedes, lakini hawakuambulia kitu. Mbona tunasoma kwamba protini hizo zina asili moja?

JIBU: Mwalimu, kwanza tumwondoe mbu katika hesabu, kwani kupanda basi moja hakuwafanyi abiria kuwa ndugu. Virusi vya o'nyong'nyong, vilivyozuka Uganda mwaka 1959, ni jamaa wa karibu sana wa chikungunya, ilhali huenezwa na Anopheles, mbu wa malaria. Dengue imo katika kundi jingine, la flavivirusi, pamoja na Zika, homa ya manjano na West Nile.

Ndani ya kundi hilo mfuatano wa amino asidi, yaani vipande vinavyounganishwa kuunda protini, unatosha kuonyesha undugu. Protini E, ambayo ndiyo protini ya nje ya dengue, ina amino asidi zipatazo 495, na zaidi ya nusu hulingana na za Zika. Watazame wanafunzi nafasi ya 98 hadi 110: dengue, Zika na West Nile zote zina DRGWGNGCGLFGK (kila herufi ni amino asidi moja), herufi kwa herufi, kwa sababu hiyo ndiyo ncha inayojichoma katika utando wa seli virusi vinapoingia, na haivumilii mabadiliko mengi. Ufanano huo huo ndio unaozisumbua maabara, maana baadhi ya kingamwili zilizotokana na dengue huinasa Zika pia, na kipimo kikaishia kutoa jibu la kupotosha.

Tukivuka kwenda kwa chikungunya, ambayo ni alfavirusi, herufi hazisemi tena lolote la kuaminika. Umbo ndilo linalosema. Mwaka 2001 ilionekana kwamba protini E1 ya virusi vya Semliki Forest, jamaa wa chikungunya, imekunjwa kama E ya flavivirusi: sehemu tatu zilizopangwa vilevile, na ncha ya kujichomea mwishoni mwa sehemu ya pili. Kufanana kwa mpangilio wote huo kwa bahati tu ni jambo gumu kuaminika, ndiyo maana watafiti wengi huzihesabu kuwa za asili moja.

Nashuku pia kwamba wanafunzi walichukua E2, protini nyingine ya nje ya chikungunya, ambayo hushika kipokezi cha seli na si mwenza wa E. Wachukue E1, wapakue umbo lake na la E ya dengue kutoka hifadhi ya kimataifa ya maumbo ya protini, ambayo ni ya bure, na wahakikishe yote mawili ni ya kabla ya protini kuungana na utando, kwani baadaye sehemu zake hujipanga upya kwa kiasi kikubwa. Kisha walinganishe sehemu moja moja badala ya molekuli nzima, kwa sababu pembe kati ya sehemu hizo hutofautiana baina ya virusi na virusi.